Siku Tatu za Kuzika

Tanzia katika magazeti ya miji midogo ya Ohio, Indiana na Michigan zina mpangilio usiobadilika sana. Linaanza jina la marehemu na umri wake, wazazi wake, na kikosi chake kama aliwahi kuwa askari. Kisha hutajwa kiwanda alichokitumikia na idadi ya miaka, mara nyingi 30 au zaidi, halafu tawi la chama cha wafanyakazi kwa namba yake, kanisa lake, na huenda mapenzi yake ya kuwinda kulungu mwezi Novemba. Mwisho huja waliomtangulia na aliowaacha, hadi vitukuu. Mshahara wake hauandikwi, wala thamani ya nyumba yake. Mtu wa kawaida wa Magharibi ya Kati ya Marekani huagwa kwa kutajwa makundi aliyokuwamo, na wengi husema huo ni wema wa asili wa watu wa huko. Mimi naona vingine. Desturi hizo zilisimama juu ya ajira ya kudumu na mikataba iliyopiganiwa, ndiyo maana ajira hiyo ilipoondoka, hata namna ya kuzikana ilianza kulegea.

Kwanza tuiondoe dhana iliyozoeleka kwetu kwamba Mmarekani hana jamaa, kwamba akifa kampuni humchukua na mambo yakaisha. Kampuni ya mazishi ipo kweli, lakini katika miji hii mara nyingi ni mali ya familia moja iliyozika babu, baba na mjukuu. Kwa kawaida, jioni ya kuamkia mazishi, jeneza huachwa wazi na watu wakapanga foleni kusaini kitabu na kumshika mjane mkono. Anayetoka zamu ya mchana hupitia hapo kabla ya kwenda kwake. Kesho yake msafara wa magari huwasha taa jua likiwaka, na madereva wasiomjua marehemu husimama pembeni hadi upite. Kama alikuwa mwanajeshi, sheria inaitaka serikali ilete askari wasiopungua 2, na bendera hukunjwa pembetatu na kukabidhiwa familia. Kisha wote huteremka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, ambako akina mama wa kanisa wameandaa mikate yenye nyama ya nguruwe, saladi ya viazi na keki. Hakuna anayesubiri mwaliko. Aliyewahi kukaa kwenye matanga hapa kwetu angejua mara moja yuko wapi.

Mambo hayo yalikuwa na waasisi. Wachimba chuma wa Kislovenia walianzisha umoja wao mjini Ely, Minnesota, mwaka 1898, na wenzao wakaanzisha mwingine Chicago mwaka 1904. Kwa lugha yetu hivyo vilikuwa vyama vya kufa na kuzikana: mchango wa kila mwezi, malipo kwa mjane, na wanachama kumsindikiza mwenzao kaburini. Baadaye vyama vya wafanyakazi viliupeleka mzigo huo kwa mwajiri. Wafanyakazi wa General Motors walikaa ndani ya viwanda vya Flint kwa siku 44, kuanzia Desemba 1936 hadi Februari 1937, wakitaka chama chao kitambuliwe. Mkataba wa mwaka 1950 ukaleta pensheni. Mgomo wa siku 67 wa mwaka 1970 ukafungua njia ya kustaafu baada ya miaka 30 ya kazi. Miaka 30 inayojirudia kwenye tanzia ina mizizi hapo. Na kuna kifungu kidogo ambacho nakithamini kuliko vyote: siku za kuzika zenye malipo, kwa kawaida 3. Sheria ya taifa la Marekani haimlazimishi mwajiri wa kampuni binafsi kutoa hata moja. Malipo ya msiba ya hifadhi ya jamii ni dola 255 tu, wakati mazishi ya kawaida hugharimu maelfu.

Mtu atasema nakumbuka enzi ya neema iliyokuwa ya wachache. Ni kweli, na lazima lisemwe bila kupakwa sukari. Woodmen of the World, chama kilichoanzishwa Omaha mwaka 1890, ambacho makaburi ya wanachama wake yalichongwa kama visiki vya miti, kilipokea wazungu tu. Weusi waliohama kutoka Kusini kwenda Detroit, Chicago na Gary walipewa kazi za moto na vumbi ambazo wengine walizikwepa. Nao wakajenga makanisa yao, vyama vyao vya kuzikana na nyumba zao za mazishi, na watu wao wakazikwa kwa heshima. Hilo linaitia nguvu hoja yangu: mwenye mshahara wa uhakika, awe wa rangi gani, aliutumia kujenga taasisi ya kumzika jirani yake. Dhuluma ninayoiona haijalipwa ni ya wale wanawake wa jikoni. Miaka ya mume kiwandani ina hesabu kwenye gazeti. Miaka ya mke ya kuwalisha waombolezaji haina.

Wengine watajibu kwamba kanisa lilibaki viwanda vilipoondoka, na kwamba watu wamebadili mapenzi tu: sasa zaidi ya nusu ya maiti nchini humo huchomwa. Sibishi kwamba wapo wanaochagua hivyo kwa hiari. Lakini tarehe 19 Septemba 1977, kiwanda cha chuma cha Campbell karibu na Youngstown, Ohio, kilipotangazwa kufungwa, kazi kama 5,000 zilipotea, na vingine vikafuata. Vijana walihama, na kanisa likabaki na wazee wa kubeba jeneza. Anayefanya kazi mbili zisizo na likizo hafiki kwenye kuaga, hata awe na moyo gani. Mwaka 2015 wachumi Anne Case na Angus Deaton walionyesha kwamba vifo vya Wamarekani weupe wa umri wa kati vilikuwa vikiongezeka, hasa kwa wasio na elimu ya chuo, kwa sababu ya kujiua, dawa na pombe. Vifo vya namna hiyo familia nyingi huona aibu kuviandika, na tanzia hufupishwa.

Leo kwenye machinjio ya Iowa wapo Wakongomani na Warundi wanaozungumza Kiswahili. Msiba ukitokea, wanachangishana rambirambi kwa simu, kama walivyofanya wachimba chuma wa Ely kwa mkono. Fedha wanazipata. Kinachowapa taabu ni ruhusa, kwa kuwa viwanda vingi vya nyama huhesabu alama za utoro, na alama zikijaa mtu hufukuzwa. Kwa hiyo swali la kama watoto wao watazika kwa desturi ya kwao, au ya Iowa, au mchanganyiko wa zote mbili, litaamuliwa kwanza kwenye meza ya mkataba, pale watakapodai zile siku 3.