Tokeni Zinaisha Haraka? Kagua Waya za Nyumba Kwanza

Kuna swali ambalo wateja wetu wa Migori na Homa Bay hawachoki kutuuliza: "Nimenunua tokeni juzi tu, mbona zimeisha?" Wakati mwingine ni ushuru na ada zinazokatwa kabla hujapata yuniti. Wakati mwingine ni friji nzee. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wengi hatuifikirii, nayo ni hatari kuliko zote: stima inavuja ndani ya nyumba. Waya inayokula tokeni zako inaweza pia kuua mtu au kuchoma nyumba.

Leo tuzungumzie nyumba za zamani: dalili za hatari, kazi ya kuanza nayo, na jinsi ya kumlipa fundi bila kuliwa pesa.

"Nyumba ya zamani" ni ipi?

Stima haikufika pande hizi juzi. Mtambo mdogo wa Gogo, kwenye Mto Kuja, ulijengwa miaka ya 1950 kupelekea umeme mgodi wa Macalder. Awendo, Kendu Bay na Homa Bay mjini utapata nyumba zilizowekwa waya wakati familia ilihitaji balbu chache na redio.

Halafu mwaka wa 2015 ukaja mradi wa Last Mile, na boma nyingi zikaunganishwa kwa shilingi 15,000. Nyumba zingine zilipewa redibodi, ule ubao mdogo wenye swichi, soketi na breka. Tangu hapo tumeongeza TV, friji, pasi, birika la umeme na chaja za simu za kila mtu. Mzigo umekua, waya ni ileile.

Hesabu ni rahisi: chukua wati za kifaa, gawanya kwa volti 240, upate ampea. Birika la wati 2,000 linavuta kama ampea 8.3. Pasi ya wati 1,200 inavuta 5. Ukiziwasha pamoja kwenye ekstensheni moja ya ampea 13, tayari umepita kiwango. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23. Ukiiunga kwenye waya ya taa ya milimita 1.5, waya itapata joto hadi plastiki iyeyuke, tena ndani ya ukuta ambapo huoni.

Jaribio la mita

Zima kila kitu na uchomoe kila plagi, lakini usizime meni swichi. Sasa angalia ile taa ndogo nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu bado kinatumia stima: kifaa ulichosahau, laini ya jirani, au uvujaji. Kama mita iko juu ya nguzo na ndani una kibodi tu, andika yuniti zilizobaki, subiri saa 2 au 3, kisha usome tena. Zikipungua, usifungue chochote. Ita fundi.

Dalili zingine za kutopuuza:

- Soketi au swichi ina joto, imebadilika rangi au inatoa harufu ya plastiki.
- Unapigwa shoti kidogo ukigusa friji, bomba la maji au ukuta wa mabati.
- Breka inaanguka kila mara, au mtu ameweka kipande cha waya mahali pa fyuzi.
- Taa zinafifia kila friji inapowaka.

Mabati na simba

Hapa kwetu kuna mambo mawili ya kuangaliwa zaidi. La kwanza ni mabati. Waya ikipita kwenye ukingo wa bati, upepo unaisugua kidogo kidogo hadi shaba inabaki wazi. Siku hiyo nyumba nzima inakuwa na stima, na anayeegemea ukuta ndiye anayegundua. Waya ipite ndani ya paipu, na mabati yenyewe yaungwe kwenye ethi.

La pili ni simba. Kijana akijenga simba yake, mara nyingi waya huvutwa kutoka nyumba kubwa, ikapitishwa kwenye migomba au kamba ya nguo. Hiyo ni ya kuondoa. Laini ya simba inahitaji breka yake, waya ya unene unaofaa, na ipite juu kwenye nguzo imara au ifukiwe ndani ya paipu.

Tena tunaishi kando ya ziwa, mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mawingu yakikusanyika, chomoa TV na friji mapema. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme hakisaidii sana kama ethi ni mbovu.

Pesa haitoshi? Fanya kwa awamu

Si lazima ubadilishe waya zote siku moja. Kama tungechagua mpangilio, ungekuwa huu:

1. Ukaguzi. Fundi apime kila laini na akuandikie orodha ya shida.
2. Ethi na RCD. Ethi ni ile fimbo ya shaba ardhini, na wakati wa kiangazi udongo mkavu huipunguzia nguvu, kwa hivyo ipimwe. RCD hukata stima ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ampea 0.03 tu zikivuja. Breka ya kawaida ya ampea 20 hailindi mtu, inalinda waya. Kama una pesa ya kazi moja pekee, anza hapa.
3. Breka zinazolingana na waya, badala ya fyuzi za kuungaunga.
4. Laini ya peke yake kwa shawa, jiko la umeme au friza ya samaki.
5. Waya mpya, chumba kimoja kimoja.

Lipa kwa akili

Wengi wenu mnatuma pesa mkiwa Nairobi au Mombasa na nyumba iko dala. Zingatieni haya:

- Mwulize fundi leseni yake ya EPRA, kisha uhakikishe jina kwenye orodha iliyo kwenye tovuti yao.
- Pesa ya vifaa itumie moja kwa moja kwa namba ya duka la hardware. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.
- Kagua alama ya ubora ya KEBS kwenye waya na breka. Tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali kwenda 20023 uone kama ni halali.
- Gawanya malipo ya kazi: sehemu mwanzo, sehemu katikati, sehemu baada ya kupimwa. Itisha picha za waya kabla ukuta haujapigwa plasta, na cheti cha kumaliza kazi.
- Usifute ujumbe wa malipo. Kukitokea ubishi, ndio ushahidi wako.
- Mtu akija na koti la kampuni ya umeme akitaka umtumie "faini" kwa namba yake, usitume. Tokeni za Kenya Power hulipiwa Paybill 888880, na bili za kila mwezi 888888. Ukiwa na shaka piga 97771 au *977#.

Waya ikianguka barabarani au uani, kaeni mbali, watoto na mifugo pia, na mpige namba hiyohiyo. Mtu akinaswa na stima, zima meni swichi kwanza kabla ya kumgusa.

Kabla ya kununua tokeni tena, fanya lile jaribio la mita. Na kama wazazi wako dala, wapigie leo uwaulize swali moja tu: "Mkigusa friji, inawapiga?"