Makombo ya Uwanja wa Ndege

Sogeeni karibu, watoto, niwasimulie habari za kirusi mmoja aliyevuka bahari bila mtu kumwona.

Kwao ni huku kwetu Afrika. Tangu enzi na enzi aliishi na ngiri wa mbugani na kupe wa mashimoni mwao, na ngiri hawakuugua. Kisha walowezi wakaleta Kenya nguruwe wa kufugwa kutoka Ulaya. Nguruwe hao wakashikwa na homa kali, ngozi zao zikawa nyekundu, wakafa karibu wote. Mwaka 1921 daktari wa mifugo aliyeitwa Montgomery akaandika habari za ugonjwa huo, ambao leo unaitwa homa ya nguruwe ya Afrika.

Kirusi huyo hamdhuru binadamu hata kidogo. Hapo ndipo penye hatari: mtu anakula nyama, anashiba, hana habari. Na kirusi huyu ni mvumilivu. Nyama ikaushwe, itiwe chumvi, igandishwe, yeye anaweza kukaa humo miezi na miezi.

Mwaka 1957 akafika Lisbon, Ureno. Karibu na uwanja wa ndege, nguruwe walikuwa wakilishwa makombo ya chakula cha abiria, na inaaminika alipitia humo. Mwaka 1960 ugonjwa ukazuka tena, ukaingia Hispania, ukakaa huko hadi miaka ya 1990. Mfikirieni mfugaji anayeambiwa asubuhi kwamba, ili kuuzima ugonjwa, nguruwe wake wote, wagonjwa kwa wazima, wauawe leo hii. Mimi huniuma kila nikimfikiria.

Kwa kuogopa maradhi ya namna hii, viwanja vya ndege vya Marekani vina mbwa wadogo wa aina ya beagle, masikio yamelala mashavuni. Walianza kazi ya kunusa mizigo Los Angeles mwaka 1984. Mbwa hupita akinusa begi moja baada ya jingine, mkia ukitikisika. Akiipata nyama haleti fujo, huketi tu kando ya begi. Ofisa huja kulifungua.

Shangazi anayempelekea mwanawe nyama kavu Minnesota, huko Marekani, si mhalifu. Anampelekea ladha ya nyumbani. Lakini akifika forodhani na amwambie ofisa alichobeba. Akisema, nyama itachukuliwa na kuteketezwa, naye ataenda zake bila faini. Akificha, faini inaweza kufika dola 1,000. Mkisaidia kufunga sanduku, mtilieni kahawa iliyokwisha kukaangwa, au biskuti. Hizo hupita, ila nazo azitaje.