Usiku Mmoja wa Baridi, na Mimea Isiyojiandaa

Julai 17, 1975, theluji ilianguka Curitiba, mji mkuu wa jimbo la Paraná nchini Brazili. Usiku ule mawimbi ya hewa baridi yalienea hadi kwenye mashamba ya kahawa, na Paraná wakati huo ndiyo ilikuwa jimbo linaloongoza kwa kahawa katika nchi inayoongoza kwa kahawa duniani. Kulipopambazuka, majani ya mikahawa yalikuwa yamelegea kama mboga iliyochovywa katika maji ya moto. Baada ya siku chache yakawa meusi. Wabrazili wakauita msiba huo geada negra, jalidi nyeusi. Karibu mikahawa yote ya jimbo hilo ilikufa au iliungua kiasi cha kukatwa hadi shina.

Afrika Mashariki ilipata habari hiyo kupitia bei. Mwaka 1976 na 1977 kahawa ilipanda thamani kuliko wakulima wa Nyeri na Murang'a walivyowahi kuona, na katika soko la Chepkube, mpakani mwa Kenya na Uganda karibu na Mlima Elgon, kahawa ya magendo ilivushwa usiku kwa usiku ikikimbia serikali ya Idi Amin. Watu walijenga nyumba za mabati na kusomesha watoto kwa sababu ya baridi ya usiku mmoja, ng'ambo ya bahari.

Baridi yenyewe haikuwa kali hivyo. Mkahawa wa arabika huanza kufa nyuzi chache tu chini ya sifuri za Selsiasi. Wakati huohuo, katika tambarare za Kanada, kuna ngano inayopandwa kabla ya majira ya baridi, ikalala chini ya theluji miezi mingi, na aina sugu kama ile iitwayo Norstar inaweza kustahimili zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kisha ikaamka na kuzaa. Mkahawa ni mti wenye shina gumu. Ngano ni jani laini la nyasi. Kwa nini mti ufe na nyasi zipone?

Jibu limefichwa ndani ya seli, na linaanzia kwenye mafuta. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba uliotengenezwa kwa mafuta na protini. Utando huo lazima uwe laini, unaocheza, ili virutubisho na chumvi vipite kwa mpangilio. Anayetaka kuelewa baridi inavyouharibu na aiweke chupa ya mafuta ya nazi dirishani Nairobi mwezi wa Julai: yataganda yawe meupe kama nta, ilhali mafuta ya alizeti yaliyo kando yake yatabaki maji. Tofauti ni umbo la asidi za mafuta. Zile za nazi zimenyooka, zinapangana kama vijiti katika kiberiti. Zile za alizeti zina pindo katikati, hazipangani vizuri, na kwa hiyo hazigandi upesi.

Mimea ya nchi za joto hukumbwa na tatizo hili hata kabla barafu haijatokea. Ndizi mbivu ikiwekwa kwenye friji, ganda lake huwa jeusi kwa sababu tando za ndani ya seli zimeshindwa kazi, na kemikali zilizokuwa zimetengwa zikakutana na vimeng'enya vinavyozigeuza rangi. Haikuoza, imeumia kwa baridi.

Mwaka 1992 kundi la wanasayansi likiongozwa na Mjapani Norio Murata lilionyesha kwamba udhaifu huo unaweza kuhamishwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Walichukua jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kuchagua asidi gani za mafuta ziingie kwenye utando. Jeni moja ilitoka kwa boga, mmea unaoumizwa na baridi. Nyingine ilitoka kwa kijimea kiitwacho Arabidopsis, kinachoivumilia. Wakazitia katika tumbaku. Tumbaku yenye jeni ya boga ilizidi kuathiriwa na baridi, na ile yenye jeni ya Arabidopsis ikapata nafuu. Jeni moja, mafuta tofauti, matokeo tofauti.

Kustahimili ubaridi wa nyuzi 5 ni jambo moja, na kustahimili barafu ni jambo jingine kabisa. Wengi hudhani kwamba barafu huua mmea kwa kupasua seli kutoka ndani, kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Kwa kawaida sivyo. Barafu huanza nje ya seli, katika nafasi zilizo kati ya seli na seli, na ikishaanza huvuta maji kutoka ndani. Halijoto ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, zaidi ya asilimia 90 ya maji ambayo seli inaweza kuyaachia huwa yametoka. Seli husinyaa kama zabibu kavu, tando zake hugusana na kushikamana, na barafu inapoyeyuka haziwezi kurudi zilivyokuwa. Kwa maneno mengine, mmea uliopigwa na jalidi hufa kwa kiu huku umezungukwa na maji. Ndiyo maana jeni nyingi zinazosaidia wakati wa baridi ni zilezile zinazosaidia wakati wa ukame.

Hapa ndipo umetaboli, yaani shughuli zote za kemikali ndani ya mmea, unapoingia kazini. Mmea unaojua kujihami huvunja wanga uliowekwa akiba na kuugeuza sukari: sukrosi, glukosi, rafinosi. Huongeza prolini, mojawapo ya asidi za amino. Vitu hivi huyashikilia maji yasitoke yote ndani ya seli, na huzikinga tando na protini zisiharibike. Wakulima wa Ulaya walilijua hili kwa ulimi muda mrefu kabla ya maabara: kabichi za majani, ndugu wa karibu wa sukuma wiki, huwa tamu zaidi baada ya kupigwa na jalidi, na wengi husubiri usiku wa barafu kabla ya kuvuna.

Lakini sukari haijipangi yenyewe. Ni nani anayetoa amri?

Amri hiyo iligunduliwa katika Arabidopsis, kile kijimea cha ukoo wa haradali na kabichi, ambacho ndicho mmea wa kwanza kusomwa DNA yake yote, mwaka 2000. Kikitolewa moja kwa moja kwenye joto na kuwekwa barafuni, hufa kwenye nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Kikipewa kwanza siku kadhaa za ubaridi usiogandisha, hustahimili nyuzi kadhaa zaidi. Ni mmea uleule wenye jeni zilezile. Kilichobadilika ni maandalizi. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, Michael Thomashow na wenzake waliitambua jeni waliyoiita CBF1, ambayo protini yake hushika DNA na kuziwasha jeni nyingine. Japani, kundi la Kazuko Yamaguchi-Shinozaki na Kazuo Shinozaki lilifikia jeni za familia hiyohiyo na kuzipa jina la DREB. Ndani ya dakika chache baada ya mmea kuwekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4, jeni hizi huamka, nazo huamsha nyingine nyingi: za kutengeneza sukari, za kukarabati mafuta ya tando, za protini zinazokinga kloroplasti.

Mwaka 1998 maabara ya Thomashow iliilazimisha CBF1 ifanye kazi muda wote. Mimea hiyo ilistahimili barafu bila kuonjeshwa baridi kwanza, kana kwamba imepewa habari ya vita kabla adui hajaonekana. Miaka michache baadaye, mwaka 2004, watafiti walipima kemikali 434 katika kijimea hicho na kuona kwamba asilimia 75 kati yake ziliongezeka wakati wa baridi. Nyingi za hizo ziliongezeka pia katika mimea iliyokaa joto lakini yenye jeni ya familia ya CBF iliyowashwa kwa nguvu. Jeni chache zinapotoa amri, karibu jiko zima la mmea hubadili mapishi.

Gharama yake haikukawia kuonekana. Mimea ambayo CBF yake haikuzimwa ilibaki kibeti, ikachelewa kuchanua. Nguvu inayokwenda kwenye ulinzi haiwezi kwenda kwenye majani mapya na mbegu. Wajapani walijaribu njia nyingine mwaka 1999: waliunganisha jeni hiyo na swichi inayowaka pale tu mmea unapopata shida, na udumavu ukapungua sana. Ngano ya majira ya baridi ina hekima inayofanana na hiyo kiasili. Hubeba kundi la jeni za CBF kwenye kromosomu zake za tano, huziwasha vuli inapoingia, na baada ya majuma mengi ya baridi jeni nyingine, VRN1, huuelekeza mmea kwenye uchanuzi na kulegeza ulinzi. Ngano ya Narok, nchini Kenya, haihitaji majuma hayo ya baridi, ndiyo maana inazaa bila kuonja theluji.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi jeni hiyo isitiwe kwenye nyanya, na jambo likaisha? Nyanya tayari inayo. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba jeni ya CBF ya nyanya ikitiwa katika Arabidopsis, Arabidopsis hustahimili barafu vizuri zaidi. Lakini CBF ya Arabidopsis ikitiwa katika nyanya, nyanya haipati nafuu dhidi ya barafu. Jeni zinazoitikia amri hiyo ndani ya nyanya ni chache mno. Jemadari yupo, anapiga tarumbeta, na askari hawapo. Ugunduzi huu unastahili kukumbukwa kila inapotangazwa kwamba jeni moja itaokoa zao fulani.

Mpunga, hata hivyo, umeonyesha kwamba badiliko dogo linaweza kuwa na uzito mkubwa. Mwaka 2015 watafiti wa China waliripoti jeni waliyoiita COLD1. Protini yake hukaa kwenye utando na kusaidia kalsiamu kuingia ndani ya seli baridi inapoanza, kama kengele ya hatari. Tofauti ya herufi moja tu ya DNA katika jeni hiyo huchangia kuufanya mpunga wa aina ya japonika ustahimili baridi kuliko wa aina ya indika. Wakulima wa Mwea nchini Kenya wana sababu ya kujali habari kama hizi. Skimu yao iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mpunga ukifika hatua ya kutengeneza chavua wakati wa ubaridi wa katikati ya mwaka, masuke hujaa mapepe. Hakuna barafu hapo. Chavua tu imeshindwa kukomaa.

Kiazi nacho kinaonyesha upande mwingine wa sukari hiyo inayookoa. Kikihifadhiwa kwenye ubaridi wa friji, huvunja wanga wake kuwa sukari, na kimeng'enya cha invatesi huikata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Kikikatwa na kutiwa kwenye mafuta ya moto, sukari hizo huungana na asidi za amino, na chipsi hutoka nyeusi na chungu. Kwa mmea, huo ni ulinzi. Kwa mwenye kibanda cha chipsi, ni hasara. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliizima jeni ya kimeng'enya hicho, na viazi vilivyotoka kwenye baridi vikakaangika vyeupe.

Ipo mimea ya Afrika Mashariki isiyo na nafasi ya kujiandaa kwa siku kadhaa. Juu ya mita 4,000 kwenye Mlima Kenya, katika Bonde la Teleki, jua la mchana huchoma na usiku huganda, mwaka mzima. Senesio wakubwa wa huko, wenye vichwa vya majani mapana juu ya mashina manene, hufumba majani yao jioni kuzunguka chipukizi changa, na majani makavu ya zamani hubaki yameshikilia shina kama blanketi. Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Erwin Beck, alipoichunguza na wenzake, walikuta kwamba majani hayo huganda kwelikweli usiku, barafu ikijikusanya nje ya seli. Jua likiyafikia asubuhi huyeyuka, na usanisinuru huanza tena. Ulinzi wao haupumziki hata usiku mmoja, na katika ubaridi huo shina huongezeka kimo kwa sentimita chache tu kwa mwaka.