Hifadhidata za bure: leseni ndiyo bei yake

MASASI NA NEWALA: Msimu wa korosho ukifunguliwa, hesabu nazo hufurika ghalani: kilo za kila mkulima, daraja, namba ya stakabadhi, makato na malipo. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza msimu wa 2007/2008, na tangu 2024/2025 minada ya vyama vikuu vya MAMCU na TANECU imepitia mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Daftari peke yake halitoshi tena.

Programu nyingi za hifadhidata ni huria na hazilipiwi. Zinachotofautiana ni leseni, na hapo ndipo mwekezaji mdogo anapoweza kupoteza mtaji.

PostgreSQL ina masharti mepesi. Fundi anaweza kuibadili, kuiweka ndani ya programu yake na kuiuza bila kutoa msimbo, mradi abakize tamko la hakimiliki. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika nchini, huendeshwa juu yake.

MySQL iko chini ya leseni ya GPL. Kwa matumizi ya ofisini haina kikwazo. Lakini anayewauzia wateja programu iliyounganishwa nayo kuwa kitu kimoja hana budi kuwapa na msimbo, la sivyo anunue leseni ya biashara kwa Oracle. Sun iliinunua MySQL mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, kisha Oracle ikaichukua Sun mwaka 2010. Kwa kuhofia mabadiliko hayo, mwanzilishi wake Michael Widenius alianzisha MariaDB mwaka 2009, nayo ikabaki na GPL.

SQLite ni mali ya umma, haina sharti. Inafaa kompyuta moja au simu, si ofisi yenye makarani wengi wanaoandika kwa pamoja.

MongoDB ilihamia leseni ya SSPL mwaka 2018. Anayeikodisha kwa wengine kama huduma hulazimika kutoa msimbo wa mfumo wake wote wa huduma. Toleo la zamani hubaki na leseni yake ya awali, ila marekebisho mapya huja na masharti mapya.

Kwa hiyo mwenye ghala anayetunza hesabu zake tu hana la kuhofia. Anayekusudia kuviuzia vyama vya msingi programu aanzie PostgreSQL, ambayo haimilikiwi na kampuni moja, na asome leseni kabla ya kumlipa fundi.