“Mafuta” ya Bunduki

Katika vitabu vya utunzaji wa silaha, neno mafuta limebebeshwa vitu vitatu. Twapendekeza vitenganishwe: kiyeyushi, kiondoacho masizi ya baruti, kilainishi, kipunguzacho msuguano wa vyuma, na grisi, ambayo ni nzito, hunasa vumbi na kuganda penye baridi.

Kosa hapa si la lugha tu. Risasi nyingi za kijeshi za karne iliyopita zilikuwa na fataki za klorati, ambazo huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, nayo huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta. Askari aliyeambiwa “paka mafuta” ataifunika tu, na kutu italiendelea na kazi yake chini. Mfasiri aandike basi: maji, kukausha, kiyeyushi, kisha kilainishi kidogo.