Kinu cha Mostert na Tatizo la Neno "Kinu" katika Kumbukumbu za Urithi

Tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioanzia kwenye miteremko ya Table Mountain jijini Cape Town uliteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Siku hiyohiyo uliunguza Kinu cha Mostert kilicho ng'ambo ya barabara kuu. Hasara ya maktaba ilijadiliwa duniani kote, na ilistahili. Ya kinu haikuzungumzwa sana. Kofia iliyoezekwa kwa nyasi, mapanga yake manne na mitambo ya mbao viliungua. Mnara wa mawe ulibaki umesimama.

Kinu hicho kilijengwa mwaka 1796 katika shamba la Welgelegen la Gysbert van Reenen, mwaka mmoja baada ya Waingereza kuitwaa Cape kutoka kwa Waholanzi. Jina linalotumika leo ni la mkwewe, Sybrand Mostert. Mnara peke yake hauelezi kazi iliyofanyika hapo. Mbele yake kuna sakafu ya duara ya kupuria, ambapo ngano ilikanyagwa na farasi. Kisha ilipetwa, ikapandishwa mnarani, ikasagwa. Nyumba ya shamba, sakafu na mnara vilikuwa mfumo mmoja wa uzalishaji. Mashamba ya Cape ya zama hizo yalitegemea kazi ya watumwa, miongoni mwao watu waliochukuliwa kutoka Msumbiji na Madagaska. Anayepiga picha ya mapanga na kuondoka amekosa sehemu kubwa ya historia hiyo.

Ugumu kwa mwandishi wa Kiswahili huanza na jina lenyewe. Asili ya kinu katika matumizi ya kila siku ni chombo cha kutwangia, na mwenzi wake ni mchi. Hata hivyo, Kinu cha Mostert hakitwangi: jiwe la juu huzunguka juu ya jiwe la chini lililotulia, na nafaka husagwa katikati yao. Pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kulipanua neno hili zamani. Kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta kilizungushwa na ngamia, nacho hakikutwanga wala kusaga, kilikamua. Upanuzi huo haukuleta utata kwa sababu kitenzi kilifuatana na nomino. Utata umekuja baadaye, kitenzi kilipoachwa. Leo kinu cha nyuklia ni tanuri la nishati, na vinu vya upepo vinaweza kuwa mitambo 365 ya umeme iliyo karibu na Ziwa Turkana au mnara wa karne ya 18 uliosaga unga.

Katika mazungumzo, muktadha huliondoa tatizo. Katika orodha rasmi ya majengo ya urithi hauliondoi, kwa kuwa orodha husomwa na mtu asiyekijua kitu chenyewe, pengine baada ya kitu hicho kuungua. Fundi anayejenga upya huhitaji kujua kipi kilikuwa kofia, kipi mhimili, kipi jiwe la juu, na kofia iligeuzwaje kuukabili upepo. Kiholanzi kina istilahi ya kila kipande. Kiswahili hakijakosa malighafi, ila hakijaipanga.

Pendekezo la makala hii ni dogo. Mtambo wa upepo utumike kwa uzalishaji wa umeme. Kinu cha upepo kibaki kwa jengo la kusagia, na katika kumbukumbu rasmi kitenzi kiandikwe: kinu cha upepo cha kusagia nafaka. Jengo lisiorodheshwe bila viambatisho vyake vya shamba. Sakafu ya kupuria ipewe ingizo lake, pamoja na rejea ya mnara. Utaratibu huo utafaa pia kwa masalia ya vinu vya kushindikia miwa kando ya Mto Pangani, ambako kukusanya istilahi kwa wazee wa eneo hilo kunapaswa kutangulia uchoraji wa ramani.