Harufu ya Kivumbasi

Watu wengi hutumia kivumbasi nyumbani kufukuza mbu. Je, majani yake yote yana nguvu sawa? Sivyo.

Tazama jani kwa kioo cha kukuzia, utaona vifuko vidogo mfano wa vitone. Ndani yake mna mafuta, nayo ndiyo yenye harufu. Mmea huyafanya kwa msaada wa nuru ya jua. Basi mche ulio kivulini, wenye maji tele, hutoa majani mapana na laini, lakini harufu yake ni hafifu. Mche wa huku Chimwaga, penye jua kali, na mvua hunyesha hasa tangu Desemba mpaka Aprili, hutoa majani madogo yanukiayo sana. Hata hivyo ukame ukizidi, majani hupukutika, na mafuta hupotea pamoja nayo.

Kwa hiyo panda kivumbasi mahali peupe, ukinyweshe kwa kiasi. Kianzapo kutoa maua, chuma majani asubuhi, ukayaanike kivulini. Maana yakianikwa juani, mafuta huruka hewani.

Nawe jaribu: sugua jani la kivulini, kisha la juani, unuse. Utajua mwenyewe lipi la kufukuzia mbu.